Vibao Vinavyocheza

Kila aliyezaliwa pwani anaujua mlango unaokataa kufungika wakati wa masika, kwa kuwa mbao zimekunywa unyevu wa hewa zikavimba, na ambao ukifika msimu wa kaskazi huo huo huacha mwanya wa kupitisha kidole. Mimi nilidhani tabia hiyo ni ya milango na madirisha peke yake, mpaka majira ya baridi niliyokuwa mgeni wa shemeji yangu katika jimbo la Ohio, Marekani, ambapo jirani yake, mzee mstaafu wa jeshi, aliposikia kwamba nimelelewa katika karakana ya seremala, alikuja jioni moja na kisanduku kwapani, akataka nimtazamie bastola ya marehemu baba yake, ambayo vibao vya mpini wake vilikuwa vikicheza.

Nakiri kwamba nilisita. Kwetu sisi bastola ni kitu cha kiunoni mwa askari, nacho mtu hukitazama kwa pembe ya jicho tu. Lakini mzee yule alikuwa mtu wa hadhari: kabla sijanyoosha mkono alichomoa magazini, akavuta sehemu ya juu nyuma ikanasa, akanionyesha kwa mwanga wa taa kwamba chemba ni tupu, na risasi hakuja nayo hata moja.

"Shemeji," akaninong'oneza mwenyeji wangu, "ukiiharibu, wewe utapanda ndege, mimi nitabaki naye ukuta kwa ukuta."

Ilikuwa Colt ya namna ya M1911, aliyoibuni John Browning, mzaliwa wa Ogden katika jimbo la Utah, ikakubaliwa na jeshi la Marekani tarehe 29 Machi 1911, na ikadumu kuwa bastola rasmi ya jeshi hilo mpaka mwaka 1985. Mpini wenyewe ni chuma, ila kile kiganja kinachokigusa ni vibao viwili vya mti wa jozi, kimoja kila upande, vilivyochanjwa nakshi ya mikato midogo midogo isiteleze, na kuzunguka kila tundu la parafujo pameachwa umbo la almasi lisilochanjwa. Plastiki ilikuja kuvinyang'anya vibao vya mti nafasi yao zama za vita vikuu vya pili.

Nilipokibonyeza kibao cha kushoto kwa dole gumba kilitoa mlio mdogo, tik, kisha kikarudi.

Yamkini msomaji atadhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba parafujo mbili za kila kibao ndizo zinazokizuia kisisogee, lakini sivyo. Kazi ya parafujo ni kukilaza kibao juu ya chuma tu, ilhali kinachokizuia kisiende huku na huku ni bushi nne ndogo zilizokazwa katika mwili wa bastola, mbili kila upande, ambazo zimejitokeza kidogo na kuingia katika vishimo vilivyochimbwa nyuma ya kibao, na parafujo hukazwa ndani ya bushi hizo. Madhali mambo ni hivyo, kibao kikicheza mshukiwa ni mmoja wa watatu: bushi iliyolegea katika chuma, kishimo kilichopanuka, au mti uliokonda.

Na mti hukonda kwa namna yake. Urefu wake, ukifuata nyuzi, haupungui kwa kiasi cha kutajika. Unaopungua ni upana na unene. Nyumba za Ohio wakati wa baridi hupashwa moto usiku na mchana, hewa ya ndani ikakauka kupita ya kaskazi yetu, na kibao kilichokuwa kimebanwa sawasawa mwezi wa Julai kikapungua unene hata kichwa cha parafujo kikaketi juu ya bushi badala ya kuketi juu ya mti. Hapo waweza kukaza mpaka jasho likutoke, usibane kitu. Na kama kichwa bado kinaugusa mti, kukaza kwa nguvu kutazipondaponda nyuzi zake au kuupasua kabisa. Naam, kwenye tundu la chini la kibao kile palikuwa na ufa mwembamba mfano wa unywele, ushahidi wa mkono fulani uliokwisha kuijaribu dawa hiyo.

Nilivivua vibao, nikaijaribu kila bushi kwa vidole, na moja ikazunguka bila ya taabu. Kiwandani zamani bushi hizo ziligongwa kwa ndani zisifunguke; sisi tuliisafisha kwa spiriti, tukaitia tone la gundi kwenye nyuzi zake, tukaikaza. Vishimo vilikuwa vimepanuka. Wako wanaoweka pete ndogo ya mpira chini ya kibao, au karatasi, mambo yakaisha kwa dakika tano, na kwa mkusanyaji wa silaha kongwe, asiyetaka kitu cha asili kiguswe, karatasi ndiyo tadbiri bora kwa kuwa huondolewa bila ya kuacha alama. Mzee alisema hii si ya makumbusho. Basi nikapaka nta juu ya bushi na juu ya chuma, nikachanganya gundi ya epoksi na unga wa mti wa jozi nilioupata kwa msasa, nikajaza vishimo, nikarudisha vibao na parafujo kwa kukaza kidogo tu, tukasubiri saa 24.

Wakati huo wa kusubiri mzee alituletea vibao vingine alivyonunua asivyowahi kuvitumia, vyeusi, vizito kama jiwe, nasi tukaangua kicheko, maana ulikuwa mpingo, mti wa kwetu Tanzania na Msumbiji, ule ule unaotengenezewa klarineti na ambao ukitiwa majini huzama. Una mafuta yake ya asili, hivyo gundi haiushiki vyema mpaka ufutwe kwa spiriti kwanza. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2017 biashara yake baina ya nchi na nchi imo chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Nikamsihi avihifadhi.

Siku ya pili kibao cha kulia kilitoka kama kilichoombwa. Cha kushoto kilikataa, kwani nta niliifanyia ubahili kwenye bushi moja, na ilibidi niiguse bushi ile kwa ncha ya moto ya chombo cha kulehemu risasi mpaka gundi ikalainika, huku shemeji akitazama dari. Nikapunguza gundi iliyozidi kwa kisu, nikairudisha kazi mahali pake.

Mzee alikibonyeza kibao kwa dole gumba mara tatu, akasikiliza, asisikie kitu. Akakifunga kisanduku kwa ufunguo, kisha akaniuliza kama naweza kuvuka naye mpaka jikoni kwake, kwani upo mlango wa kabati nao unacheza.