Kifaduro kwa mtoto mchanga: usisubiri mlio

Wazazi wengi wanakijua kifaduro kwa sauti yake. Mtoto anakohoa mfululizo bila kupata nafasi ya kupumua, kisha anavuta hewa kwa mlio mkali, na mara nyingi anatapika.

Mtoto wa chini ya miezi sita ni tofauti. Anaweza asitoe mlio wowote, na wengine hata hawakohoi sana. Pumzi inasita kwa sekunde kadhaa, analegea, midomo inakuwa ya bluu. (Kwa ngozi yetu nyeusi, uso unaweza kukudanganya, tazama midomo na ulimi.) Hapo usingoje kupambazuke, mkimbize hospitali usiku huohuo. Wengi wanaokufa kwa kifaduro ni watoto wa umri huu.

Ugonjwa huu husababishwa na bakteria anayeitwa Bordetella pertussis. Wiki moja au mbili za mwanzo hufanana kabisa na mafua: makamasi, homa kidogo, kikohozi chepesi. Kwa bahati mbaya, wakati huo ndipo mgonjwa huambukiza sana, na ndipo antibayotiki husaidia zaidi. Zikichelewa, hupunguza maambukizi kwa wengine, lakini kikohozi huendelea kwa wiki nyingi.

Mtoto akiletwa kliniki wakati hakohoi, mara nyingi kifua husikika safi na yeye anacheza. Ndiyo maana nawaomba wazazi wamrekodi kwa simu anapobanwa na kikohozi usiku. Video ya nusu dakika hunisaidia kuliko maelezo marefu. Njoo na kadi ya kliniki, utuambie kikohozi kilianza lini na nani mwingine nyumbani anakohoa: bibi, dada wa kazi, kaka anayesoma. Kipimo chenyewe ni kuchukua ute wa nyuma ya pua kwa kijiti maalumu, na hufaa zaidi ndani ya wiki tatu za mwanzo. Hakipatikani kila hospitali, hivyo usishangae daktari akianza dawa kwa dalili tu.

Dawa za maji za kikohozi za dukani hazitibu kifaduro. Wala kukata kimeo hakutibu. Huko ni kumwongezea mtoto jeraha na hatari ya kuvuja damu.

Chanjo ya pentavalenti hutolewa Tanzania mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mpaka azimalize kinga yake bado ni ndogo, kwa hiyo mgeni anayekohoa asimbebe, hata akiwa shangazi aliyetoka mbali.