Karanga za Kongwa na mvua ya kwenye makaratasi

Nilipokuwa bwana shamba kazini, swali nililoulizwa kuliko yote hapa Dodoma halikuwa la mbolea wala wadudu. Ni hili: "Bwana shamba, mwaka huu mahindi yatakubali?" Anayeuliza ameshanunua mbegu. Hatafuti jibu, anatafuta wa kumuunga mkono.

Sasa nimestaafu, naishi Kikuyu, si mbali na shule ya zamani ya Mazengo ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, na bado wakulima wananifuata. Nawasimulia habari za Kongwa, wilaya ya mkoa wetu huuhuu.

Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 tume ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ilizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ikarudi na hesabu tamu: ekari zaidi ya milioni tatu za karanga, kwa pauni milioni 25 hivi. Kongwa ilichaguliwa mapema. Pori lilikuwa tupu, wakaona ni bahati. Hawakuhangaika sana kujua kwa nini Wagogo, watu wanaoijua njaa, hawakulima pale.

Mvua ya Kongwa kwa wastani haikuonekana mbaya. Lakini mmea haunywi wastani. Huku kwetu mvua inaweza kunyesha wiki moja kama imetumwa, kisha ikakata mwezi mzima.

Na udongo! Hapa ndipo wengi husimulia haraka mno. Ule mfinyanzi wenye mchanga mkali ukilowa unalimika, ukikauka unakuwa tofali. Karanga hukomaa chini ya ardhi, na hung'olewa mvua zikiisha, yaani wakati uleule udongo unapofunga. Zao likabaki limefungiwa ndani. Mchanga nao ulisaga vyuma vya majembe. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya jeshi, yakaharibika moja baada ya jingine. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, navyo havikufua dafu. Mwaka 1947 walikusudia ekari 150,000. Wakapanda kama 7,500.

Kukosea hesabu ni jambo la kawaida. Kilichowamaliza, kwa maoni yangu, ni kwamba majarini ya karanga hizo ilikuwa imeshaahidiwa London kabla mche haujachomoza. Waziri wa chakula, John Strachey, aliendelea kuutetea mradi bungeni huku habari za shambani zikizidi kuwa mbaya. Ukishajiona unastahili mavuno, anayekuletea habari ya ukame anakuwa mkorofi. Mradi ulifutwa mwaka 1951, hasara ya pauni milioni 36 hivi. Reli iliyojengwa kutoka Msagali iling'olewa baadaye.

Wasikilizaji wangu huwacheka sana Wazungu hapo. Kisha nawauliza: wewe, nani kakuahidi sembe?

Wananuna. Mtama na uwele, wanasema, ni chakula cha shida; mtu aliyesomesha watoto anastahili ugali mweupe. Sina ugomvi na ugali mweupe. Ila ukavu wa Februari unapoyakuta mahindi yanatoa mbelewele, hauulizi nani kasomesha. Mtama wa aina ya Macia hukomaa mapema na huvumilia, na watafiti wa kituo cha Hombolo, nje ya mji, wamehangaika na mazao haya miaka mingi. Mahindi nayaruhusu mbugani, unyevu unakodumu, tena kipande.

Msimu uliopita alikuja kijana mmoja. "Mbukwa, mzee," akaniamkia vizuri, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Lakini baba alijaza ghala kwa mahindi shamba lilelile." Nilimwambia naamini. Nikamuuliza ilikuwa mwaka gani. Hakuujua, alikuwa hajazaliwa.