Kunoa wembe

Kunoa wembe ni kazi ya kurudisha makali ya wembe ulio butu na kuyapima kabla haujagusa ngozi ya mtu. Makala hii inahusu wembe mrefu wa kinyozi wenye mpini wa kukunja, si wembe mwembamba wa dukani unaotupwa baada ya kutumika. Mifano mingi imechukuliwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ambako mawe ni mengi lakini yanayofaa kunolea wembe ni machache.

Historia

Kabla ya bidhaa za viwandani kuenea, vyombo vya chuma vya Usukuma vilitoka kwa wahunzi. Waliojulikana sana ni Warongo, walioyeyusha chuma katika Uzinza na sehemu za Geita na Kahama za leo. Majembe yao yaliuzwa mbali na yaliweza kutolewa kama mahari. Makumbusho ya Bujora, huko Kisesa karibu na jiji la Mwanza, yana nyumba inayoonyesha kazi ya mhunzi.

Wahunzi wa Afrika Mashariki walifua pia nyembe ndogo za kunyolea kichwa, kwa mfano baada ya msiba. Chuma cha tanuri la udongo hakina kaboni iliyo sawa kila sehemu, kwa hiyo wembe mmoja ungeweza kuwa na sehemu inayoshika makali na nyingine inayoyapoteza upesi.

Nyembe za kukunja zilitoka viwanda vya Ulaya, hasa Sheffield (Uingereza) na Solingen (Ujerumani). Mwaka 1903 kampuni ya Mmarekani King C. Gillette ilianza kuuza wembe mwembamba wa kutupwa, nao ndio ulioenea. Leo vinyozi wa miji ya machimbo kama Kahama, Katoro na Geita hutumia zaidi mashine ya umeme, na kwa kuchonga ndevu hutumia wembe wa dukani.

Kwa nini wembe hupoteza makali

Feleji ya wembe ni ngumu takriban mara 50 kuliko unywele, hata hivyo unywele huiharibu. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walieleza sababu katika jarida la Science: unywele unapopinda mbele ya makali, nguvu hukusanyika pembeni mwake, na ukingo hubanduka vipande vidogo mahali ambapo feleji haina muundo ulio sawa. Kutu huongeza uharibifu huo, hasa wembe ukikunjwa ukiwa na maji.

Ukingo butu huonekana kwa macho. Wembe ukielekezwa kwenye mwanga makali yakiwa juu, sehemu butu hung'aa kama uzi mweupe; ukingo mkali hauna upana wa kurudisha mwanga. Wembe wenye ufa haunoleki, na kuung'ang'ania ni hatari.

Kuchagua jiwe

Katika vijiji vya Shinyanga mapanga hunolewa kwenye majabali ya itale (graniti). Kwa panga yanatosha. Kwa wembe hayafai, kwa sababu itale ni mchanganyiko wa madini yenye ugumu tofauti, na chembe zake huonekana bila kioo cha kukuzia. Kwatsi, jiwe jeupe ambalo wachimbaji wa Geita hulifuata kutafuta dhahabu, ni gumu kuliko feleji nyingi lakini likivunjika huwa na ncha zisizo na mpangilio. Tupa ya kunolea majembe nayo hukwangua mno.

Kinachohitajika ni kinoo bapa chenye chembe ndogo zinazolingana. Vinoo vya viwandani hupewa namba: namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo. Kinoo cha 1000 kina chembe za takriban mikromita 15, cha 8000 kina za kati ya mikromita 1 na 2. Kinoo kilichobonyea husawazishwa kwa kukisugua juu ya msasa wa maji uliolazwa kwenye kioo, au kwa bamba lenye unga wa almasi. Almasi hiyo sasa hutengenezwa zaidi viwandani, ingawa Mwadui, penye mgodi maarufu wa almasi, pako Shinyanga hapohapo.

Maji ya kulowesha kinoo yawe safi. Maji ya mialo ya kuchenjulia dhahabu huwa na chenga za mawe zinazokwaruza ukingo, na pia zebaki.

Namna ya kunoa

Wembe hulazwa kwenye kinoo kilicholoweshwa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja. Mgongo ndio unaoweka pembe, kwa kawaida nyuzi 15 hadi 18, hivyo fundi hana haja ya kukisia. Akiinua mgongo hata kidogo, pembe huharibika.

Wembe husukumwa makali yakitangulia, kwa mwendo wa mshazari ili urefu wote upite juu ya jiwe. Mwishoni hugeuzwa kwa kuviringishwa juu ya mgongo, makali yakiwa hewani, kisha hurudishwa kwa upande wa pili. Mkono haukandamizi.

Kazi kubwa iko kwenye kinoo cha 1000. Hapo pande mbili za ukingo lazima zikutane kutoka kisigino hadi ncha, hata kama itachukua saa nzima. Anayekimbilia kinoo laini mapema atang'arisha tu ukingo usio mkali. Baada ya hapo 4000 na 8000 hufuta mikwaruzo, na mikupuo michache hutosha.

Mwisho ni ngozi. Wembe hupitishwa juu ya mkanda wa ngozi uliovutwa ukakaza, safari hii mgongo ukitangulia. Makali yakitangulia, ngozi hukatika na ukingo hukunjika.

Kupima makali

Kupitisha wembe juu ya vinyweleo vya mkono ndicho kipimo maarufu, nacho hudanganya: hata wembe uliotoka kinoo cha 1000 huweza kuvikata. Kuuburuta kwenye ukucha huonyesha mapengo, lakini huharibu ukingo uliokwisha kunolewa.

Kipimo kingine ni unywele mmoja ulioshikwa mwisho wa upande wa mzizi, ukaguswa na makali sentimita moja hivi kutoka vidoleni. Ukikatika bila kuvutwa, wembe ni mzuri. Hata hivyo unywele wa kipilipili hujikunja na kuyakwepa makali, hivyo kushindwa kuukata hakuthibitishi ubutu. Inafaa kutumia aina ileile ya unywele kila mara, na kupima ncha, katikati na kisigino.

Makali kupita kiasi si faida kwa kila kidevu. Ndevu za kipilipili zikikatwa chini kabisa, ncha zake huingia tena ndani ya ngozi na kuleta vipele. Kunyoa kufuata mwelekeo wa ndevu hupunguza tatizo hilo.

Usalama

Fundi anayepima wembe kwenye mkono wake, kisha akauweka kwenye shingo ya mteja, anaweza kuhamisha damu isiyoonekana. Virusi vya homa ya ini B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. VVU pia huweza kuenea kwa vifaa vya kukatia vyenye damu. Mkanda wa ngozi hauwezi kutakaswa ipasavyo, kwa hiyo wembe wa kunolewa ni chombo cha mtu mmoja, nyumbani kwake. Kinyozi wa wateja wengi atumie wembe mpya kwa kila mtu na kutupa uliotumika ndani ya kopo gumu lenye mfuniko.

Dawa ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 hutumika kutakasa vifaa vilivyokwisha oshwa kwa sabuni, lakini hula feleji yenye kaboni. Wembe ukitoka humo husuuzwa, hukaushwa na kupakwa mafuta mepesi. Madoa ya kutu yakitokea kwenye makali, unarudi kwenye kinoo cha 1000.