Kibali cha Kazi ni Kinga ya Mwenyeji

Kila vita vinapozuka ng'ambo ya Mto Ruvuma, vijiji vya upande huu hujiuliza: hawa wanaovuka watakula nini, na sisi tutabakiwa na nini? Swali hilo lilirudi baada ya Oktoba 2017, wapiganaji waliposhambulia Mocímboa da Praia, na likawa zito zaidi Machi 2021 mji wa Palma ulipovamiwa. Mapigano hayo ya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana na Mtwara, yaliwahi kuwang'oa makwao watu zaidi ya milioni moja. Wengi walibaki ndani ya Msumbiji. Wengine walivuka kuingia Mtwara, na maelfu kati yao wakarudishwa mwaka huohuo wa 2021 kupitia kituo cha mpakani cha Negomano. Hoja ya kuwazuia, au kuwapokea bila kuwaruhusu kufanya kazi, hutolewa kwa jina la mwenyeji: kwamba riziki ya Mtwara haitoshi kugawana. Lakini ukiifuata riziki hiyo shambani na baharini, utakuta kinyume chake. Mkimbizi aliyenyimwa kibali haachi kutafuta. Hutafuta kwa kificho, na hasara ya kificho hicho humwangukia mwenyeji.

Mwambao huu si mgeni wa kupokea wanaovuka. Wakati wa ukoloni, Wamakonde wa Msumbiji walivuka kukwepa kazi za shuruti na kilimo cha pamba cha amri ya Wareno, wakaajiriwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964, maelfu wengine waliingia. Wapo waliopelekwa kwenye makazi kama Rutamba, mkoani Lindi, wakapewa ardhi na zana za kulimia. Wapo waliofikia kwa ndugu zao, na wengi hawakungoja siku ya tatu kushika jembe. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, wengi walirudi kwao, kumbe shamba walilopewa halikuwafunga. Waliobaki nao waliacha alama. Sanaa ya vinyago vya mpingo, iliyoipatia Tanzania sifa duniani, ilikuzwa kwa sehemu kubwa na Wamakonde waliotoka Msumbiji, akiwamo Samaki Likankoa, mwanzilishi wa mtindo wa shetani.

Tuanze na korosho, maana ndiyo fedha ya Mtwara. Mkorosho hutaka mikono kwa awamu: palizi, kupuliza salfa, kisha kuanzia mwezi wa kumi kuokota, kutenganisha korosho na bibo, kuanika na kujaza magunia. Tangu mwaka 2007 mkulima huuza kwa stakabadhi ghalani: mzigo hupokelewa na chama cha msingi, AMCOS, hupimwa kwa mzani, huingia ghalani na kupigwa mnada. Mfumo mzima umesimama juu ya mtu aliyesajiliwa na kujulikana. Sasa mchukue kibarua asiye na karatasi. Akilipwa kwa korosho, hawezi kuzipeleka AMCOS. Atamwendea mnunuzi wa kangomba, anayepima kwa bakuli na kulipa papo hapo kwa bei ya kutupa. Akilipwa fedha, atakubali ujira wowote, kwa kuwa hana pa kulalamikia. Anayeumia hapo ni kibarua mwenyeji, ambaye palizi ileile alikuwa akiilipisha zaidi, na chama kinachokosa mzigo na makato yake. Kibali chenye jina na picha kingemnyima mwajiri mwanya wa kuwashindanisha wanyonge wawili.

Baharini ni vivyo hivyo. Hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina kilomita za mraba 650 na inajumuisha mikoko, matumbawe na vijiji vya wavuvi kama Msimbati. Kanuni zake hufanya kazi pale tu inapojulikana nani anavua wapi na kwa zana gani. Pwani yetu ina desturi ya dago: mvuvi mgeni hupiga kambi kwa muda, kwa kujitambulisha kwanza kwa wenye kijiji. Mvuvi aliyekimbia Palma anayajua maji haya. Akifungiwa mlango huo wa heshima, ataingia usiku, atauza bila ushuru, na atatumia wavu wowote atakaopewa na tajiri wake, hata kokoro linalozoa samaki wachanga. Akiandikishwa, kikundi cha ulinzi wa rasilimali cha kijiji kinaweza kumkagua kama mvuvi mwingine.

Ushahidi wa takwimu unatoka Kagera, ambako mwaka 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliingia Ngara. Watafiti Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walichambua maisha ya kaya za mkoa huo kabla na baada ya ujio huo, wakakuta kwamba wakulima wenyeji walinufaika, ilhali waliotegemea vibarua vya shambani walibanwa na ushindani. Uchambuzi uliofuata, wa Maystadt na Gilles Duranton, ulionyesha kwamba faida ilidumu hata baada ya wakimbizi kurudi kwao, sababu kubwa ikiwa ni barabara zilizoboreshwa. Kwa hiyo anayesema kuna wenyeji wanaoumia hasemi uongo. Ila tunajua sasa ni nani anayeumia, yaani asiye na shamba, na tunajua kinachobaki misaada ikiondoka. Hao ndio wa kulindwa kwa kiwango kimoja cha ujira, na barabara hizo ndizo za kujengwa. Kubana nako huumiza wenyeji: mkoani Kigoma, masoko ya pamoja ya kambi za wakimbizi yalipofungwa kuanzia mwaka 2018, Watanzania waliokuwa wakiuza humo walipoteza wateja vilevile.

Pingamizi zito kuliko yote ni usalama, na Mtwara ina sababu ya kulishika. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa kutoka ng'ambo na watu wakauawa. Hakuna hoja ya uchumi inayofuta msiba huo, na ukaguzi wa wanaovuka hauna budi kubaki mkali. Lakini mlinzi wa mpaka amjue nani kwa urahisi zaidi: aliyechukuliwa alama za vidole na kuonekana kazini kila juma, au aliyejificha porini? Utafiti wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, uliotolewa mwaka 2023, uliofanyika katika nchi nane za Afrika, ulikuta kwamba robo ya waliojiunga na makundi ya itikadi kali kwa hiari walitaja ukosefu wa kazi kuwa sababu kuu. Kumweka kijana bila kazi miaka nenda rudi si mbinu ya ulinzi.

Wengine huitaja Uganda kama onyo. Sheria yake ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, lakini idadi imeongezeka, viwanja vimepungua na mgao wa chakula umekatwa. Onyo hilo ni la kweli, nalo linafundisha kwamba kibali hakichukui nafasi ya bajeti. Na bajeti hiyo inaweza kumfaa mwenyeji pia: kaskazini mwa Kenya, mpango wa Bamba Chakula uliwapa wakimbizi wa kambi ya Kakuma fedha za kununulia chakula kupitia simu, kwa wafanyabiashara wa eneo hilo, badala ya kutegemea magunia ya msaada peke yake.

Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa, lakini inatambua pia kibali cha kazi. Mtwara inaweza kuanza na vibali vya msimu, kuanzia palizi hadi mavuno, kwa ujira uleule wa mwenyeji. Muhogo na samaki wa msaada wanunuliwe vijijini. Na kisima kichimbwe pale ambapo pande zote mbili zitachota. Kijiji kilichoona faida hiyo mkononi hakitahitaji kuhubiriwa ukarimu, na kile ambacho hakijaiona kina haki ya kuendelea kuuliza kitabakiwa na nini.