Kuwa na Rasta na Kuwa Rasta: Uamuzi wa Nywele katika Kioo cha Kiswahili

Utangulizi

Kijana aliyemaliza mwaka wa pili wa chuo anarudi nyumbani kwa likizo, kichwani ana misokoto ya wiki tatu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Mama anauweka chini ungo aliokuwa akipetea mchele, anamtazama tangu utosini hadi miguuni, kisha anauliza: "Umekuwaje?" Kijana anajibu: "Ni nywele tu, mama."

Katika mazungumzo hayo mafupi yamo mambo yote ambayo mhadhara huu unakusudia kuyaeleza. Mama hakuuliza nywele zimefanywaje, bali mtoto amekuwaje. Kijana naye hakulijibu swali hilo. Alijibu kuhusu kitu alicho nacho, akaongeza neno tu ili kukipunguza uzito. Mmoja amesema kwa kitenzi kuwa. Mwingine amejibu kwa maana ya kuwa na.

Suala la kufuga rasta au kutofuga huchukuliwa na wengi kuwa suala la urembo, la nidhamu au la dini. Ni kweli kwamba linayagusa yote hayo. Hata hivyo, kabla ya kufika huko, ni suala la lugha, kwa sababu jamii huusoma mwili wa mtu kwa maneno iliyo nayo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba Kiswahili kinatofautisha mtu mwenye rasta na mtu aliye rasta. Anayekusudia kuzifuga hana budi kuijua tofauti hiyo, maana yeye huamua akiwa upande mmoja, na jamii humsikia ikiwa upande wa pili.

Neno na safari yake

Neno rasta limetokana na Ras Tafari, jina alilojulikana nalo Tafari Makonnen wa Ethiopia kabla ya kutawazwa kuwa mfalme mkuu tarehe 2 Novemba 1930 na kuitwa Haile Selassie. Ras katika Kiamhari ni kichwa, na ni cheo walichopewa wakuu wa nchi. Tafari ni jina lenye maana ya anayeogopwa au anayestahiwa. Katika miaka ya 1930, watu wa tabaka la chini nchini Jamaika waliomwona mfalme huyo kuwa utimilifu wa unabii walijiita kwa jina lake. Kufuga nywele bila kuzichana wala kuzikata kulienea miongoni mwao baadaye, na wengi wao hukuegemeza kwenye nadhiri ya Mnadhiri iliyomo katika sura ya 6 ya kitabu cha Hesabu. Neno la Wajamaika ambalo katika Kiswahili limekuwa dredi lina maana ya hofu, hasa hofu ya Mungu. Kwa hiyo linakutana kimaana na jina Tafari.

Mzizi wa ras si mgeni katika Kiswahili. Kiamhari na Kiarabu ni lugha za jamii moja ya Kisemiti, na neno la Kiarabu la kichwa lilikwisha kufika pwani zamani kwa njia nyingine. Rasi ni ncha ya nchi iliyoingia baharini, yaani kichwa cha nchi kavu. Rasilimali ni kichwa cha mali, yaani mtaji. Rais ni aliye kichwa cha watu. Hivyo rasta na rais ni ndugu katika kamusi, ingawa mlangoni pa ofisi huenda wasipokelewe kwa namna moja.

Lilipoenea Afrika Mashariki, hasa pamoja na muziki wa rege katika miaka ya 1970 na 1980, neno hilo liligawanyika kimaana. Kwanza, humtaja mtu: rasta huyu, marasta hawa. Pili, huzitaja nywele zenyewe: rasta hizi zimekua. Tatu, nchini Tanzania, huzitaja pia nywele za bandia zinazouzwa dukani kwa pakiti, ambazo msusi huzichanganya na nywele za mteja. Mwanamke akisema, "Kesho nakwenda kusuka rasta," hakuna anayemdhania kuwa amebadili dini. Neno lililoanza likiwa jina la mtawala, likawa jina la imani, sasa lina bei dukani.

Upatanisho wa kisarufi ndio unaozitenga maana hizo. "Rasta zimeharibika" ni habari ya kumpelekea msusi. "Rasta ameharibika" ni habari ya kumpelekea mzazi. Nomino ni ileile. Kilichobadilika ni kiambishi tu, na pamoja nacho mtu mzima amehama kutoka ngeli ya vitu alivyo navyo hadi ngeli ya watu alio mmoja wao. Mwenye nywele hana mamlaka juu ya kiambishi hicho. Huchaguliwa na msemaji.

Vitenzi vitatu

Ikiwa nomino ina utata, vitenzi vinavyoandamana nayo havina. Waswahili husuka, husokota na hufuga, na kila kitenzi kinaeleza uamuzi wa aina yake.

Kusuka ni kazi ya mkono yenye mwanzo na mwisho. Mteja huketi, msusi hufanya kazi yake, na baada ya wiki kadhaa kazi hiyo hufumuliwa. Kitenzi fumua kimo katika kauli ya kutendua, sawa na fungua kutoka funga na zibua kutoka ziba: kinarudisha hali iliyokuwapo. Kusokota ni kuziviringisha nywele kwa vidole au kati ya viganja, mara nyingi kwa jeli au nta. Katika wiki za mwanzo, zilizosokotwa huweza kusokotolewa, zikaoshwa na kuchanwa.

Kufuga ni jambo jingine. Mtu hufuga kuku, ng'ombe, ndevu na kucha. Husemwa pia kwamba anafuga maradhi anapoyaacha yakue bila kuyatibu. Kinachofugwa kina uhai wake. Mfugaji hakitengenezi, hukilea na kukingoja. Katika matumizi ya kawaida kitenzi hicho hakina mwenzake wa kutendua. Anayeacha kufuga hafugui: huchinja, huuza au hunyoa.

Maumbile ya nywele yanaiunga mkono sarufi hiyo. Nywele za kichwani hurefuka kwa takriban sentimita 1 kwa mwezi, na kwa kawaida mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku. Nywele za kipilipili zisipochanwa, zile zilizong'oka hazianguki. Hunaswa na zile zinazoendelea kuota, zikashikana na kujisokota hadi kuwa kamba moja. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, na kwa baadhi ya watu zaidi ya mwaka. Zikishakomaa, kuzichambua ni kazi ya subira kubwa, na wengi huishia kwenye mkasi.

Aidha, dhana kwamba rasta hazioshwi si sahihi. Huoshwa, na lazima zikauke hadi ndani, kwani unyevu unaobaki huleta harufu na ukungu. Zikikazwa mno huvuta ngozi, na kwa muda mrefu huweza kusababisha upara pembezoni mwa paji la uso. Mfugaji asiye na muda wa kulisha mifugo hashauriwi kufuga. Ndivyo ilivyo hapa pia.

Vichwa vilivyolitangulia neno

Desturi ya kusokota nywele ndefu ilikuwapo Afrika Mashariki kabla ya neno rasta kufika. Morani wa Kimaasai hufuga nywele, akazisokota nyembamba na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu. Nywele hizo zina mwisho unaojulikana: katika sherehe ya Eunoto, inayomtoa katika ujana wa vita, mama yake humnyoa. Morani haketi peke yake kuamua kama afuge au asifuge. Rika lake limeamua, na jamii yake inajua siku ya kunyoa.

Mfano wa pili ni wapiganaji wa Mau Mau walioingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi Oktoba 1952. Dedan Kimathi alipokamatwa mwaka 1956, nywele zake zilikuwa zimejisokota kwa maisha ya msituni. Baadhi ya watafiti huzitaja picha za wapiganaji hao kuwa mojawapo ya vyanzo vya mtindo wa Jamaika. Wengine huutafuta mwanzo wake kwa watawa wa Kihindu waliofika kisiwani humo pamoja na vibarua kutoka India. Mjadala huo haujafungwa. Lililo wazi ni kwamba Muthoni wa Kirima, mpiganaji aliyepewa cheo cha jemadari, aliendelea kuzifuga nywele zake za msituni kwa miongo mingi baada ya uhuru wa mwaka 1963. Zilikatwa hadharani mwezi Aprili 2022 na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa Kenya. Muthoni alifariki mwaka 2023.

Katika mifano yote miwili, nywele zilikuwa na sababu iliyofahamika na watu wengine, na mkono wa mtu mwingine ndio uliozihitimisha. Kijana wa leo anayeingia saluni hana rika lililomwamulia wala vita vilivyomfugia. Sababu anapaswa kuitafuta mwenyewe, na mwisho anapaswa kuupanga mwenyewe. Huo ndio uzito wa uamuzi wake.

Mbele ya mahakama

Tofauti kati ya kuwa na kuwa na huonekana kwa ukali zaidi mahakamani. Mwezi Januari 2019, msichana aliyejiunga na kidato cha kwanza jijini Nairobi alirudishwa nyumbani kwa sababu ya rasta zake. Mwezi Septemba mwaka huo, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba Urastafari ni dini, na kwamba kumwondoa shuleni kulivunja haki zake. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Malawi nayo iliamua kwamba si halali kuwalazimisha watoto wa Kirastafari kunyoa ili wapokelewe katika shule za serikali. Huko Afrika Kusini, mwaka 2013, Mahakama ya Juu ya Rufaa iliwapa ushindi askari magereza watano wanaume waliofukuzwa kazi kwa kukataa kukata rasta. Baadhi yao walikuwa Marastafari; wengine walizifuga kwa kufuata mila za Kixhosa. Mahakama ilizingatia pia kwamba askari wanawake waliruhusiwa mtindo huohuo.

Yafaa ifahamike kwamba katika kesi hizo kinga haikujengwa juu ya mapenzi ya mtu kwa mtindo wa nywele. Imani na mila ndizo zilizobeba uzito, na katika kesi ya Afrika Kusini, jinsia pia. Aliyesema, "Mimi ni," alisikilizwa. Mwenye kusema, "Ni nywele tu," ana safari ndefu zaidi, kwa sababu neno tu humpa mwajiri au mwalimu jibu jepesi: kama ni nywele tu, zinyoe.

Hitimisho

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mtu hawezi kukiona kichwa chake ila kwa kioo, na jamii ni mojawapo ya vioo hivyo. Kutokana na yaliyoelezwa, anayekusudia kuwa na rasta anaweza kujipima kwa vitenzi. Ikiwa anachotaka ni sura mpya, kusuka kunatosha: avae za bandia kwa miezi miwili, asikilize anavyoitwa kazini, sokoni na nyumbani, kisha afumue. Ikiwa yuko tayari kufuga, ahesabu muda wa kuzilea na gharama ya kuzitunza, azisome kanuni za shule au ajira anayoitegemea kabla ya mwezi wa kwanza kupita, na akumbuke kwamba mlango wa kutokea ni mkasi. Ikiwa anakusudia kuwa, basi nywele ni sehemu ndogo ya alilolichagua, na azifuate zile nadhiri nyingine pia.

Hakuna katika njia hizo iliyo ya aibu. Aibu iko katika kuingia njia moja huku mtu akidhani yuko katika nyingine. Kijana aliyerudi likizo hakukosea kusokota nywele zake. Alikosea kudhani kwamba neno tu lingemtosheleza mama. Aliulizwa amekuwaje. Swali hilo bado linamngoja, hata akienda kunyoa kesho asubuhi.