Njia Isiyo na Nyoka Haipo, na Jiwe Halitamwokoa Mwanao

Kila shule zinapokaribia kufungwa, swali ni lilelile: "Tunakuja Morogoro na watoto. Njia ipi ya mlimani haina nyoka?" Nikijibu kwamba hakuna, hufuata la pili: "Basi tubebe jiwe la nyoka?" Mimi huongoza watu katika milima hii na kufundisha huduma ya kwanza, na maswali haya nimeyajibu kwa simu, sokoni na hata msibani. Leo nayajibu kwa kirefu, kwa sababu la kwanza linampotezea mzazi muda na la pili linaweza kumgharimu mtoto uhai.

La kwanza lina jibu fupi. Milima hii ya Uluguru ina nyoka, kama ilivyo nchi yote ya chini inayoizunguka. Lakini anayeumwa zaidi na nyoka Afrika si mtembezi wa Jumamosi. Ni mkulima, mchungaji na mtoto wa kijijini. Njia hizo unazoziogopa, akina mama wa Kiluguru hushuka nazo alfajiri na mizigo ya ndizi na mboga kichwani, wakielekea Soko Kuu la Chifu Kingalu. Familia ikipita hapo kwa vishindo vyake vya kawaida, nyoka wengi huhisi mtikisiko wa ardhi na kujiondokea. Asiyeondoka ni kifutu, kwa kuwa kinga yake ni kutulia na kufanana na majani makavu. Kwa hiyo mtoto avae viatu vya kufunika mguu mzima, atazame anapokanyaga, abaki njiani, na asiingize mkono chini ya jiwe au gogo. Anayetaka kwenda haja asiingie kichakani peke yake. Yamekwisha hayo.

Sasa jiwe.

Kile kipande cheusi kinachouzwa kama jiwe la nyoka, mara nyingi si jiwe hata kidogo. Ni mfupa, kwa kawaida wa ng'ombe, uliokatwa vipande na kuchomwa hadi ukawa mkaa. Limesambazwa Afrika Mashariki na ya Kati kwa miongo mingi, kwa mikono ya wamisionari na ya wachuuzi, pengine pamoja na karatasi ya maelezo yenye lugha ya hospitali. Maelezo ni haya: chanja jeraha kwa wembe hadi damu itoke, weka jiwe, litanata, litanyonya sumu, na likishiba litaanguka lenyewe. Kisha lichemshe au litumbukize kwenye maziwa lipate "kutapika" sumu, ulitunze kwa safari nyingine.

Kunata kwake ni kweli, na ndiko kunakowadanganya watu. Mfupa uliochomwa una vitundu vidogo mno, navyo huvuta majimaji kama mkate mkavu unavyovuta chai. Ungenata hivyohivyo kwenye kidonda cha wembe wa kunyolea ambacho hakijawahi kukutana na nyoka. Unaanguka kwa sababu vitundu vimejaa na damu imeganda. Mapovu yanayoonekana kwenye maziwa ni hewa inayotoka vitunduni. Hakuna hatua hata moja katika mlolongo huo inayohitaji sumu iwepo.

Sumu yenyewe iko wapi wakati huo? Meno ya kifutu ni marefu na huipeleka ndani ya nyama, ambako huanza kutawanyika dakika ileile na kushambulia tishu. Mguu huvimba, malengelenge hutoka, nyama hufa. Sumu ya koboko haingoji hata uvimbe: inalegeza misuli, mwishowe ile ya kupumulia. Kipande kilichokaa juu ya ngozi hakiwezi kuirudisha sumu iliyokwisha kuondoka. Na wembe unaongeza balaa, kwa kuwa zipo sumu zinazozuia damu kuganda. Umemfungulia mtoto jeraha ambalo huenda lisifunge, kwa chuma ambacho huenda kina vijidudu vya pepopunda.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1671 daktari wa Kiitalia, Francesco Redi, alichapisha majaribio yake juu ya mawe ya namna hiyo yaliyoletwa kutoka Asia. Aliyajaribu kwa wanyama, hayakufaa kitu. Imepita zaidi ya miaka 350, na bado mzazi aliyesoma ananiuliza kama jiwe moja linatosha kwa watoto watatu.

Najua utakachojibu: "Lakini mjomba wangu aliumwa, akawekewa, akapona." Namwamini mjomba wako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na wanaodhurika kwa sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Soma tena tarakimu hizo. Nusu ya wanaoumwa au zaidi hawapati madhara ya sumu, ama kwa sababu nyoka hakuwa na sumu, ama alikuwa nayo na hakuimwaga. Hao wote wangepona kwa jiwe, kwa kitunguu, kwa mafuta ya taa, au kwa kukaa tu kivulini. Kila dawa ya uongo huanza na nusu ya wagonjwa waliokwisha kupona. Ushahidi unaohitajika ni wa ile nusu nyingine, na hao ndio wanaoletwa hospitali wakiwa wamechelewa, jiwe bado limefungiwa mguuni kwa kitambaa. Kwa makadirio hayohayo, wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka, na wengi zaidi ya hao hubaki na ulemavu au kukatwa kiungo.

Jiwe linaua kwa kula muda. Mzazi anakaa kulitazama, anasubiri lidondoke, na linapodondoka anapumua, huku mtoto akizidi kuzama. Sumu ya nyoka huzuiwa na kingasumu, ambayo hutengenezwa kwa kumzoesha mnyama, mara nyingi farasi, sumu kidogo kidogo, kisha kuchukua kingamwili kutoka kwenye damu yake. Hutolewa hospitalini, chini ya macho ya mtaalamu, kwa sababu yenyewe inaweza kuleta mzio mkali.

Kwa hiyo mtoto akiumwa: wote sogeeni mbali na nyoka, msimfukuze wala kumuua. Mlaze mtoto, mtulize, mvue kiatu, soksi na bangili kabla ya uvimbe. Mfunge mguu kwa fimbo na kanga kana kwamba umevunjika, usiukaze kwa kamba ya kuzuia damu, usikate, usinyonye. Angalia saa. Mbebeni, asitembee, hadi kwenye gari na moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, mkipiga simu njiani. Nyoka akimtemea mtoto sumu machoni, yaosheni kwa maji mengi papo hapo, kisha hospitali vilevile.

Kutokana na hayo, swali sahihi la mzazi ni hili: kutoka sehemu ya mbali kabisa ya matembezi yetu, tutachukua muda gani kumfikisha mtoto aliyebebwa mahali gari linapofika? Swali hilo linakufaa pia kwa kifundo kilichoteguka na kwa homa ya ghafla, ambavyo nakutana navyo mara nyingi kuliko nyoka.

Kwa kipimo hicho, Morogoro, mji kasoro bahari, una nafasi nzuri, maana milima inaanzia mlangoni. Wenye watoto wa chini ya miaka mitano waende Rock Garden, kando ya Mto Morogoro, miguuni mwa mlima. Kuna kivuli na mawe ya kukalia, gari liko jirani. Mawe yenye ukungu yanateleza, na mvua ikinyesha huko juu tokeni mtoni hata kama nyinyi mko juani. Maji ya mto msinywe. Juu yenu kuna mashamba na nyumba za watu, na maji kutiririka hakuyafanyi kuwa safi.

Wa miaka saba na kuendelea wanaiweza njia ya Morningside, inayokwenda kwenye nyumba kuukuu ya enzi za Wajerumani. Njia ni pana na mtapita kwenye migomba na bustani za mboga. Si lazima mfike. Ondokeni saa 12:30 asubuhi, na saa 4:30 geukeni popote mlipo, kwa sababu jua la mchana na magoti yaliyochoka ndivyo vinavyoangusha watoto wakati wa kushuka. Chukueni lita moja na nusu kwa kila mtoto. Maporomoko ya Choma yanafaa kwa wenye miaka kumi, mkiwa na mwongozaji wa hapa mjini. Mwende Juni hadi Septemba, masika msijaribu. Mwenye mzigo kichwani mpisheni, na watoto waamkie.

Lupanga na Bondwa ziacheni hadi watoto wawe vijana. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari na vilele hivyo vinapita 2,100, tena viko ndani ya hifadhi ya mazingira asilia ya Uluguru, inayohitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kibali kiulizieni siku moja kabla. Na kwa njia yoyote mtakayochagua, siku moja kabla pitieni hospitali ya mkoa muulize kama kingasumu ipo. Kama haipo, waulizeni ipo wapi, mwandike jina la hospitali hiyo na namba yake kwenye simu zenu zote.