Ufundi wa Kifundo cha Mkono: Mrusho wa Legi-spini na Tatizo la Istilahi

Makala haya yanakusudia kueleza ufundi wa kurusha mpira wa kriketi uitwao legi-spini, na kuchunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuutaja. Suala hili lina uzito kwa sababu wazungumzaji wa Kiswahili hawakurithi michezo ileile. Waingereza waliiacha kriketi Kenya, Uganda na Tanzania, na hata Zambia, iliyopakana na ukanda wa shaba wa Lualaba. Upande wa Kongo, chini ya Wabelgiji, mchezo huo haukuota mizizi. Kwa hiyo istilahi iliyokopwa Kiingereza bila ufafanuzi haina maana kwa msomaji wa Kolwezi, ambaye Kiswahili chake hukopa Kifaransa na kuiita hospitali lopitalo.

Kimsingi, mrushaji hupeleka mpira kwa mpigaji katika njia yenye urefu wa mita 20 hivi, naye hukusudia mpira udunde mara moja kabla ya kufika. Nyuma ya mpigaji husimama vijiti vitatu, yaani wiketi. Vikiangushwa na mpira uliorushwa, mpigaji hutoka. Vilevile hutoka mpira alioupiga ukidakwa kabla ya kugusa ardhi. Kila atokapo mpigaji kwa njia hizo, mrushaji huhesabiwa wiketi moja.

Mrushaji wa legi-spini hategemei kasi bali mzunguko. Hushika mpira kwa vidole, kidole cha pete kikifanya kazi kubwa, na wakati wa kuuachia hugeuza kifundo cha mkono. Kwa mrushaji atumiaye mkono wa kulia, mpira huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, mfano wa mkono ufunguao kifuniko cha chupa. Ukiwa hewani, mzunguko huo huuvuta mpira kuelekea miguu ya mpigaji wa mkono wa kulia. Ukishadunda, hushika ardhi kama pia na kukata kwenda upande wa pili, mbali naye. Mpigaji huwa amekwisha kuinua gongo kuukabili mpira ambao haupo tena pale alipoutarajia.

Aidha, upo mrusho wa hadaa uitwao gugli, ambao Mwingereza Bernard Bosanquet aliuingiza katika mchezo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwendo wa mkono hufanana na ule wa kawaida, lakini kifundo huzidi kugeuka hadi mgongo wa kiganja umwelekee mpigaji. Matokeo yake mpira hukata kinyume cha ilivyotazamiwa.

Ufundi huu hupata uwanja wake mpana katika mechi za Test, ambazo huchukua hadi siku 5. Kufikia siku ya 4 na ya 5 ardhi huwa imepasuka na kuchimbwa na nyayo, na mpira hukata zaidi. La muhimu zaidi, mrushaji huwa na muda wa kukosea. Kifundo ni kiungo kigumu kukitawala, na mrusho mbaya hugharimu mikimbio. Lakini katika siku 5 gharama hiyo hulipika. Shane Warne wa Australia, aliyefariki mwaka 2022, alikusanya wiketi 708 za Test kwa ufundi huu.

Afrika Mashariki nayo ilipata mfano wake. Tarehe 24 Februari 2003, katika uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, Kenya iliandika mikimbio 210 dhidi ya Sri Lanka katika Kombe la Dunia. Collins Obuya, kijana wa miaka 21, akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. Sri Lanka ilitoka kwa mikimbio 157, na Kenya ikaendelea hadi nusu fainali. Mwaka huohuo Obuya alichukuliwa na klabu ya Warwickshire ya Uingereza.

Hata hivyo, Kenya haikupewa kamwe hadhi ya kucheza Test. Obuya alifanya kazi yake katika mechi za siku moja, ambamo mrushaji hupewa ova 10 tu. Mnamo mwaka 2011 alikumbukwa kwa sababu nyingine: mikimbio 98 bila kutolewa dhidi ya Australia, akiwa mpigaji. Kwa kulinganisha, Afghanistan ilipata hadhi ya Test mwaka 2017, na miaka miwili baadaye mrushaji wake wa legi-spini, Rashid Khan, alichukua wiketi 11 katika mechi moja dhidi ya Bangladesh. Kipaji bila mechi ndefu hukosa mahali pa kukomalia.

Kuhusu istilahi, yafaa kuanzia katika kiungo kitendacho kazi. "Mrusho wa kifundo" unaeleweka Nairobi na Kolwezi pia, hata kwa asiyewahi kuona gongo la kriketi. Gugli yaweza kuitwa "mrusho wa chenga", kwa kuwa chenga katika soka ni hila hiyohiyo: kumwonyesha mtu njia moja na kupita nyingine. Maneno "legi-spini" na "gugli" yabaki kwa wachezaji waliokwisha kuyazoea. Istilahi humfaa zaidi yule asiyekijua kitu bado, na ufundi usiokuwa na jina katika lugha ya watu hufundishika kwa shida.